Droni Ina Bei, Maneno Hayana

Kila baada ya miezi michache nasoma makala ileile. Mhakiki ametazama filamu ya Kiswahili, amekunja uso, kisha anatutangazia kwamba filamu zetu hazina hadithi. Picha ziko safi, anasema, hata sauti siku hizi ina nafuu, ila hadithi hakuna. Wasomaji wanaitikia, wawili watatu wanaongeza kwamba wao waliacha kutazama "bongo muvi" zamani, basi, yamekwisha. Kila mtu anarudi kwenye riwaya yake.

Mimi naendesha kampuni ndogo ya video Mbeya. Tuko watu watatu, kamera mbili, na stendi ya kamera ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kazi zetu zinatupeleka barabara kuu ya Iringa na kuturudisha: Uyole, Igurusi, Chimala, Makambako, Mafinga, halafu Iringa mjini, ambako tunalala kwa ndugu ili tusilipe gesti. Hatutengenezi filamu ndefu. Tunashuti harusi, sendofu, kwaya, mahafali, matangazo ya mbolea na mbegu, na video za mashirika. Lakini ugonjwa anaoulalamikia mhakiki naujua kutoka jikoni, na nasema wazi: hadithi haikukosekana kwa sababu watu wa video hawajasoma. Imekosekana kwa sababu hakuna anayeilipia. Na ninyi watu wa fasihi, ambao ndio mngepaswa kuwa wa kwanza kudai ilipiwe, mmekaa pembeni mnacheka.

Tuanze na profoma. Mteja akija ofisini tunamwandikia mistari yake: mpiga picha, kamera kwa siku, droni, taa, usafiri, chakula, kuediti. Tangu mwaka wa pili wa kampuni niliongeza mstari mmoja nikauweka juu kabisa: andiko. Maana yake ni siku mbili au tatu za mtu kukaa chini, kuuliza maswali, kusikiliza, na kuandika nini kitasemwa, na nani, na kwa utaratibu gani. Bei yake ni ndogo kuliko ya droni. Na kila mara kalamu ya mteja inaanzia hapo.

"Kaka, hili andiko ni la nini?"

"Ni la kufikiri kabla hatujashuti, mzee."

"Si tutaongea tu palepale?"

Hajatokea bado mteja wa kuniambia tuache droni, eti kijana apande mti. Droni anaiona. Inapiga kelele, inapaa juu ya ukumbi, watoto wanaikimbilia, na wageni wanajua kwamba kamati imetoa pesa. Mtu anayeandika haonekani akifanya kazi. Anaonekana amekaa na kikombe cha chai.

Sidhani kama hili ni tatizo la Mbeya peke yake, ila huku Nyanda za Juu linauma zaidi kwa sababu fedha yetu ni ya msimu. Watu wanaoana mazao yakishatoka: mpunga wa Kyela ukishauzwa, kahawa ya Mbozi ikishalipwa, nyanya za Ilula zikiwa na bei. Kuanzia Januari hadi Aprili mvua inanyesha, Kwaresima inaingia, simu inanyamaza, na mwenye nyumba hana Kwaresima. Katika miezi hiyo kampuni ndogo inakubali kazi yoyote kwa bei yoyote, na kitu cha kwanza kukatwa ni kile kisichoonekana. Nimeona kampuni za wenzangu zikifunga milango Mwanjelwa, Soweto, na kule Kihesa, zote zikiwa na kamera nzuri kuliko zangu. Zilikuwa zinauza picha kali tu. Ikaja simu ya bei mbaya yenye picha kali, kijana wa jirani akainunua kwa mkopo, akaanza kushuti harusi kwa nusu bei. Sasa wewe utamwambia mteja nini? Kila kifaa kitashuka bei, hilo halina mjadala. Mimi bado niko mjini kwa sababu kuna wateja, wachache lakini wapo, wanaokuja kwa ajili ya mstari ule wa kwanza.

Mashirika yanalipa vizuri kuliko kamati yoyote ya harusi, na ndiyo yanayoharibu maneno kuliko mtu yeyote. Shirika moja lilitupa kazi ya wakulima wa mpunga kwenye bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali. Hadidu za rejea zilikuja kurasa kumi na moja, na ndani yake mlikuwa na "hadithi ya mafanikio" ya mnufaika ambaye hakuna aliyekuwa amekutana naye. Majibu yake yalishaandikwa, kwa Kiingereza, huko huko Dar es Salaam. Kazi yetu ilikuwa kutafuta mama wa kuyasema kwa Kiswahili, ikiwezekana akiwa amesimama mbele ya mfereji.

Mama tukampata. Tukamwamkia, tukakaa, tukaletewa togwa, kamera tukaziacha kwenye begi saa nzima. Katika mazungumzo ya kawaida, bila kuulizwa na mtu, akasema hivi: "Zamani nilikuwa nakopa chumvi kwa jirani. Sasa mimi ndiye ninayekopesha, na wananichukia." Tukamwomba aseme tena mbele ya kamera, akasema, tena akacheka.

Hebu isome sentensi hiyo mara ya pili. Mradi mzima umo humo, faida yake na gharama yake kwa mwanamke mmoja katika kijiji kimoja. Mwandishi wa hadithi fupi angekesha wiki akiitafuta. Afisa mawasiliano alipotazama video alituma ujumbe: hiyo "na wananichukia" itoke, haina mwelekeo chanya, wafadhili hawataielewa. Nilikataa. Video ikapelekwa kwa wengine kumaliziwa, nikakosa nusu ya malipo, na ningekataa tena kesho. Kinachonikera si hela. Kinachonikera ni kukaa baadaye kwenye warsha, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, nikisikia mtu akisema wanakijiji wetu hawajui kujieleza mbele ya kamera. Wanajua sana. Wanapewa maneno ya mtu mwingine, halafu tunashangaa wanayatamka kama mtoto wa darasa la tatu anayesoma ubaoni.

Na mtindo huu una umri. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa filamu kule Vugiri, milima ya Usambara, ukaendeshwa hadi 1937 na Notcutt na Latham, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Walitengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika juu ya minyoo ya safura, juu ya kodi, juu ya kuweka akiba benki ya posta. Picha zilipigwa bila sauti. Maneno yalikuwa kwenye santuri, yakichezwa pembeni kwa lugha ya mahali, Kiswahili kikiwemo. Yaani wanakijiji walitoa miili, na maneno yaliletwa na mwenye mradi. Ukinipa leo hadidu za rejea za kurasa kumi na moja, naiona ile santuri.

Harusi nazo. Hapa nazungumza na wale wanaofundisha fasihi simulizi. Kwenye sendofu ya kawaida kule Rungwe kuna mzee anayesimama kwa niaba ya ukoo, na kuna mshenga. Hawa watu wanaongea, jamani. Tukuyu nilimshuti mshenga mmoja aliyeongea dakika arobaini, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa. Akamfanya bibi harusi kuwa mgomba. Akaeleza shamba ulikotoka, akaeleza nani aliupalilia, akasema mgomba hauondoki na udongo wote, kuna udongo unaobaki na wenye shamba nao lazima walipwe wema wao. Kidogo kidogo akaufikia mzigo wenyewe, ng'ombe mmoja ambaye upande wa pili walidhani ameshasahauliwa. Akampitia kwa fumbo kiasi kwamba hakuna aliyepata pa kukasirikia na hakuna aliyeweza kukana deni. Wapishi walitoka jikoni kuja kusikiliza. Wali ukaungua, kwa harufu.

Kwenye video ya mteja mshenga huyo ana sekunde kumi na mbili. Mdomo wake unacheza polepole, juu yake umewekwa wimbo wa Bongo Fleva, kisha droni inapaa na migomba halisi inaonekana kwa chini. Ndivyo mkataba ulivyosema, ndivyo kamati ilivyotaka. Lakini dakika zote arobaini ninazo kwenye diski, kwa ridhaa ya familia, pamoja na wazee wengine wengi, wa Kihehe, wa Kibena, wa Kisafwa. Katika biashara hii desturi ni kufuta kadi kazi ikishakabidhiwa, kwa sababu nafasi ni hela. Kwangu hatufuti hotuba. Diski zinakufa, kwa hiyo kila msimu nanunua mpya na kuhamisha kila kitu, na gharama hiyo haimo kwenye profoma ya mtu yeyote. Niliwahi kukiandikia chuo kimoja nikawaambia njooni mchukue nakala, bure, mnachohitaji ni diski yenu na mtu wa kunisaidia kuomba ruhusa kwa familia zilizobaki. Nikajibiwa nilete barua ya utambulisho. Ya kunitambulisha kwa nani, sikuelewa mpaka leo. Wakati huohuo wanafunzi wa chuo hichohicho wanatumwa vijijini likizo na daftari kukusanya methali.

Najua mtakachosema: ndugu, watazamaji wenyewe hawataki maneno, wanataka picha zinazoruka na muziki. Haya, turudi vibanda umiza. Waliokulia kwenye mabenchi yale wanamkumbuka Lufufu, jina lake Derek Gaspar Mukandala, aliyekuwa anaweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje. Wengine walimfuata DJ Mack. Filamu zenyewe zilikuwepo bila wao, na mtu alikuwa huru kuzitazama kimyakimya. Watu wakataka zenye sauti ya Lufufu. Hakuwa anatafsiri tu: alikuwa anasimulia, anamsengenya adui wa sinema, anamwonya mtazamaji, anachomekea mambo ya mtaani. Picha ilitengenezwa kwa mamilioni ya dola na watu wengine kabisa, na kilichomtoa kijana wa Mwanjelwa mfukoni ni maneno ya Mtanzania mmoja mbele ya maiki. Anayeniambia soko halitaki maneno aniambie vibanda vile vilikuwa vinauza nini.

Au panda basi la kutoka Makambako kuja Mbeya, msikilize yule anayeuza dawa ya meno na ya mgongo. Anaanza kwa salamu na sala fupi. Anajua wapi pa kuchekesha, wapi pa kutisha, wapi pa kunyamaza ili abiria waulizane. Bei haitaji mpaka mwisho. Akishuka Igawa ameuza, na hana hata bango. Matangazo ya kampuni kubwa, yenye droni na mtindo wa polepole, yanasema "ubora usio na kifani" na hakuna anayekumbuka yalikuwa ya nini.

Hili nimelipima kwa hela yangu. Tulipata tangazo la mbegu za viazi mviringo, sekunde arobaini na tano. Nikamtafuta mwalimu mmoja wa Kiswahili, Iringa, mtu mzima, mwenye mashairi ya miaka ishirini kwenye madaftari na hakuna mchapishaji aliyeyagusa. Nikamwambia, Mwalimu, laki mbili, andika. Aliandika mara saba. Alikwenda sokoni Mlandege akakaa na wauza viazi siku nzima. Toleo la mwisho lilikuwa na sentensi nne, na neno "bora" halikuwemo, ingawa mteja alilidai mara tatu na mara tatu Mwalimu akalikataa kwa upole wa Kihehe, ambao ni ukali ulionyamaza. Tangazo lilipotoka, madalali wakawa wanazitania zile sentensi mnadani. Mteja akarudi mwaka uliofuata, na safari hii mstari wa andiko hakuugusa. Siku nilipomkabidhi Mwalimu hela yake alizihesabu, akaniuliza, "Mwanangu, zote hizi ni za maneno tu?"

Swali hilo lingewafaa waandishi wote wanaomlilia mchapishaji. Kilio chenu nakielewa, haki ya mwandishi wa kitabu nchini hapa inajulikana ilivyo. Lakini mbona hamtutazami sisi? Mkoa wa Mbeya peke yake una kampuni za video kila mtaa, na kila moja inafanya kazi yenye maneno kila wiki, na maneno hayo yanatungwa dakika tano kabla ya kushuti na mtu aliyeshika taa. Mkija kwetu mnakuja kutuuzia riwaya. Nimepokea vijana wenye vipaji, nikawapa kazi ya kuandika video ya kwaya, wakaniangalia kama nimewaita kufagia. Eti hiyo si fasihi. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile kwa ajili ya watu wa kusimama jukwaani na kuyatamka maneno kwa midomo yao, na hakuna mwalimu wa fasihi anayesema si fasihi. Kamera ikiingia badala ya jukwaa, maneno yanakuwa takataka?

Angalia na heshima tunavyoigawa. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ilitolewa mara ya kwanza 2023, ikaanza na riwaya na ushairi. Zote nazishangilia, na nimemhimiza Mwalimu apeleke madaftari yake. Ila wito wa skripti za filamu sijauona popote kati ya hizo. Kwa serikali skripti inajulikana kama kiambatisho: sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya 1976, inataka kibali kabla ya kushuti, na watu wengi ninaowafahamu huandika skripti siku wanapopeleka maombi, kisha hawaifungui tena. Karatasi ya kupigwa muhuri. Halafu mhakiki anatazama filamu na kuuliza hadithi imekwenda wapi.

Na hadithi zenyewe hizi hapa, tunazikanyaga. Kutoka Iringa mjini mpaka Kalenga ni mwendo mfupi wa gari, na pale kuna makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka hamsini na sita baada ya kifo chake. Mugyabuso Mulokozi ameshaandika tamthiliya, Mukwava wa Uhehe; mazungumzo yapo, migogoro ipo, kazi nzito ya kwanza imeshafanyika. Nimeshuti Kalenga mara nyingi. Kila mara ilikuwa picha za maharusi wanaotaka kupiga pozi mbele ya makumbusho. Upande wa Mbeya, neno nsyuka, ambalo Wanyakyusa wanalitumia kwa wafu wao, Mussa Banzi wa Dar es Salaam alilichukua miaka ya 2000 mwanzoni akaliweka jina la filamu yake ya kutisha. Nampongeza kwa dhati. Lakini ilibidi mtu wa Dar aje alione.

Inawezekana, na tumeshaona. Adam Shafi alichapisha Vuta N'kuvute mwaka 1999. Amil Shivji akaifanya filamu, ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Watu walisifu picha za Zanzibar, na kweli ni nzuri. Mimi nilitazama nikiwaza kwamba hapo mtu aliketi na kitabu, akakaa nacho sana, na kuna aliyekubali muda ule ulipiwe. Sisi hatuna bajeti ya namna hiyo. Tuna laki mbili. Lakini laki mbili zikigawanywa vizuri zinanunua siku tatu za Mwalimu mmoja, na siku tatu za Mwalimu mmoja nimeshawaambia zilifanya nini kwa viazi.

Kwa hiyo mhakiki akikaa tena kuandika kwamba filamu zetu hazina hadithi, naomba aongeze swali moja: nani aliajiriwa kuiandika, na alilipwa ngapi? Akikuta jibu ni hakuna na sifuri, aliandike hivyo, kwa jina la filamu na la mwenye fedha. Waandaaji wa tuzo nao wafungue mlango wa skripti, hata kama ni ya dakika kumi. Na yule wa chuo, diski bado zipo.

Sisi msimu wetu unaanza Juni, mahindi yakianza kukauka. Nahitaji waandishi wawili, mmoja akae Mbeya, mwingine Iringa, malipo kwa kazi, nusu kabla ya kuanza. Cheti sitaki kukiona. Nitauliza tu ulihudhuria sendofu gani mara ya mwisho, na mshenga alisema nini.